Buna ya Mzee Dullo

Ukame wa themanini na nne ulimaliza ng'ombe wa Mzee Dullo huko Kinna. Kijana yake Tache, dereva wa lori, akamleta Isiolo mjini, akamkodishia chumba kwa ploti yetu. Tache mwenyewe alikuwa barabarani tu.

Kila asubuhi mzee alikuwa anakaanga buna, zile buni za kahawa ndani ya samli. Zikianza kupasuka, harufu inajaa ploti yote. Anapanga vikombe chini, anakaa akiangalia mlango. Huko Kinna hakuna mtu huitwa kwa buna. Ukisikia harufu unaingia, mnaombea mvua na mifugo, mnakunywa. Kunywa peke yako ni kama huna watu.

Hapa sisi tulikuwa tunapita. "Salaam aleikum, mzee!" Anainua mkono kama mtu anataka kuuliza habari, lakini wewe umeshafika geti.

Siku moja harufu haikutoka. Kesho yake pia. Kabale, mke wa Tache, akawa anampelekea chakula na kukirudisha vile vile. Mzee amelala tu, anaangalia ukuta. Hospitali walipima malaria, hakuna.

"Baba, ni wapi inauma?" Kabale akauliza.

"Hakuna mahali. Ng'ombe waliisha. Sasa hata buna yangu watu wanakataa."

Kabale akatoka na hasira. Safiyo, yule mama Msomali wa kuuza chai hapo geti, alikuwa anaosha birika.

"Nyinyi mmemfanyia mzee nini? Buna yake iko na sumu?"

"Wee! Nani aliniita? Nilidhani ako na wageni wake. Hapa ukiingia kwa mtu bila kuitwa, unaambiwa mlafi."

"Harufu ndiyo inaita!"

"Harufu? Basi mji mzima ungekuwa unakula bure kwa hoteli ya Denge."

Asubuhi iliyofuata Kabale alikaanga mwenyewe. Safiyo akakohoa mlangoni, kikombe mkononi.

"Mzee, nimesikia harufu."

Dullo aliinuka polepole, akakaa. Akaomba dua ndefu ya ng'ombe wenye hawako tena. Halafu akauliza, "Mvua imenyesha wapi?"

"Mimi sijui mambo ya mvua, mzee. Najua bei ya sukari."

Mzee akafikiria. "Haya, nipe hiyo habari ya sukari."

Safiyo akampa, akamaliza kikombe, akakimbilia wateja wake. Vikombe vingine vilibaki vikavu. Mzee aliendelea kuangalia mlango, lakini alikuwa amekaa, hakulala.