Dobi aliyeona nyota isiyokuwepo

Saa nane mchana, chumba cha kufulia cha hospitali kimejaa mvuke, na Bi Anga hatulii. Anaingiza shuka kwenye mashine ya kunyooshea, anazunguka upande wa pili kulipokea, anarudi, anafuta jasho kwa mkono wa gauni, anachungulia dirishani, anazunguka tena. Mashine haihitaji mbio hizo. Kupokea shuka ni kazi ya mwenzake, mama mnene wa makamo anayekunja.

"Shoga, kaa upande wako," mkunjaji anamwambia. "Utaninyang'anya kazi, halafu mimi nile nini?"

"Miguu inaniwasha."

"Ijumaa itafika tu. Hata ukiikimbilia, haitakuja Alhamisi."

Leo ni Jumatatu. Ijumaa alasiri Bi Anga, ambaye jina hilo alipewa na wenzake kazini na sasa hata mumewe analitumia, anatakiwa kupasuliwa jicho la kulia. Lina mtoto wa jicho. Madaktari wa macho huja hapa mara mbili tu kwa mwaka, na akikosa zamu hii atangoja miezi sita.

Tabu yake ni kwamba jioni ya Ijumaa hiyohiyo, Zuhura na Mshtarii, sayari mbili ambazo amekuwa akizifuatilia kila magharibi, zitakaribiana kiasi kwamba ukinyoosha mkono kidole kimoja kitazifunika zote mbili.

"Nimezisindikiza tangu ziko mbali kama wakwe waliokosana," anasema. "Kila jioni zinasogeleana kidogo. Sasa siku ya kupatana, mimi nimefungwa bandeji! Ni haki hiyo?"

Saa tisa inapogonga, mkunjaji ananyoosha mkono kwenye rafu na kuongeza sauti ya redio iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki ili mvuke usiiharibu. Ni saa ya muziki wa okestra. Fidla zinaanza polepole, kisha piano inaingia katikati yao.

Bi Anga anasimama. Mikono inaendelea kulisha mashuka, lakini miguu imetulia, mabega yameshuka, na kinywa kimefunguka kidogo kama cha mtoto anayesikiliza hadithi.

"Umeona?" mkunjaji ananong'ona. "Vitu viwili tu vinamtuliza huyu. Muziki huu na mbingu. Vingine vyote, hata chakula, anakula akitembea."

Bi Anga ana umri wa miaka sitini na mmoja, na thelathini kati ya hiyo ameitumia katika chumba hiki. Kwa zamu moja hupitisha mashuka kama mia nne. Hajawahi kushika fidla wala darubini. Muziki anaujua kwa redio, na nyota anazijua kwa macho yake na kwa picha za anga anazokata kwenye magazeti na kuzibandika nyuma ya mlango wa chumbani.

Mapenzi hayo mawili yalianzia juu ya paa moja. Mama yake alikuwa dobi wa kufua nyumba kwa nyumba, na nguo alizianika juu ya ghorofa walilopanga. Binti alikaa huko kuzilinda hadi mama arudi, jua likiwa limeshazama. Ghorofa ya chini yake aliishi fundi saa mwenye redio dirishani.

"Jioni moja niliinama nikachungulia, akaniona," anakumbuka. "Hakunifukuza. Aliigeuza tu redio, akailaza chali, spika itazame juu. Tangu siku hiyo kila jioni ilikuwa imelala chali. Mpaka anahama, hatukuwahi kuzungumza hata neno moja. Lakini yule ndiye aliyenisomesha."

Vipande anavyovipenda amevipa majina yake mwenyewe. Kuna Ile ya Ngazi, kuna Wajomba Wanaogombana, kuna Ile ya Kuaga. Binti yake, ambaye ni mwalimu, alijitahidi kumtafutia jina halisi la Ile ya Ngazi, akakuta ni namba tupu.

"Namba!" Bi Anga anashangaa hadi leo. "Mtoto mzuri vile, unampa namba kama mfungwa?"

Habari ya jicho ilianza kwa furaha. Miezi minne iliyopita, jioni, aliona nyota ndogo imekaa ubavuni mwa nyota moja nyekundu anayoiita Kaa la Moto. Hakuwahi kuiona hapo. Aliitazama jioni tatu mfululizo, akahakikisha. Jioni ya nne akawaita watu wote wa jengo juu ya paa.

Walipanda. Mumewe alipanda, dereva mstaafu wa lori ambaye kwa miaka yote ya ndoa yao alisema nyota anayoijali ni ile ya kwenye boneti ya lori lake. Muuza duka wa chini alipanda na kandambili zake. Mama wa chumba cha jirani alipanda na mwanawe mgongoni.

"Ile pale! Nimegundua nyota!"

"Bi Anga, mimi naona moja," alisema mama jirani.

"Tazama vizuri. Ubavuni, kushoto."

"Aa, naam, naiona," alisema muuza duka. "Ndogo, lakini ina nguvu."

Mumewe alimsogelea kwa nyuma, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Ipo?"

"Ipo, sana."

Akahamisha kiganja, akaziba la kulia.

"Na sasa?"

Bi Anga alitazama tena. Kisha akasema, "Imezima."

Hakuna aliyecheka. Mama jirani alisema mtoto anapigwa na baridi, akashuka. Muuza duka alibaki, akashikilia kwamba yeye ameiona, haki ya nani tena.

"Aliniongopea kwa upendo," anasema Bi Anga. "Mpaka leo nikienda dukani ananiuliza, ile nyota yetu haijambo?"

Kumbe si nyota tu. Kazini, mashuka yenye madoa yalikuwa yakipita mkononi mwake kama masafi. Mkunjaji alikuwa akiyachomoa kimyakimya na kuyarudisha kwenye maji, na kwa miezi kadhaa hakumwambia mtu.

"Ningemwambia nini?" anauliza mkunjaji. "Mimi nilipofiwa, huyu alilisha mashine na kukunja, kazi ya watu wawili, wiki nzima. Madoa mawili matatu ni nini?"

Lakini mwezi uliopita Bi Anga aliona kingo mbili za shuka, akashika ile isiyokuwepo, na vidole vikateleza hadi karibu na pipa la moto la mashine. Mkunjaji alipiga kelele na kuzima mashine. Ncha ya kidole cha kati ina kovu jekundu.

Msimamizi, mwanamke kijana anayempa Bi Anga heshima ya mama mzazi, alimwita pembeni. "Mama, sikufukuzi. Ila madaktari wa macho wakija na kuondoka hujatibiwa, sikurudishi kwenye moto. Nitalala vipi mimi?"

Kwa hiyo kinachongojwa Ijumaa ni jicho na ni kazi. Bi Anga anajua. Hata hivyo Jumatano jioni, nyumbani kwake, vyumba viwili ghorofa ya tatu, bado anapanda na kushuka ngazi za paa kama aliyepoteza ufunguo. Mumewe amekaa mezani anamenya viazi.

"Naweza kuwaomba wanisogeze mpaka zamu ijayo," anasema Bi Anga akipita.

"Unaweza."

"Miezi sita si mingi."

"Si mingi. Nyota zitakutana tena," anasema mumewe bila kuinua macho. "Vidole havioti tena."

Bi Anga anasimama mlangoni. "Unajua si nyota peke yake, mzee. Daktari kasema nusu saa nisitikisike hata kidogo. Nusu saa! Mimi!"

"Hilo nakubali ni kubwa."

"Unanicheka."

"Sikucheki. Siku ya harusi yetu mpiga picha alisema tulia, ukageuka. Mpaka leo kwenye picha ile una vichwa viwili. Nilidhani nimeoa wake wawili kwa mahari moja."

Bi Anga anacheka hadi anajishika ukuta. Kisha anapanda tena paani.

Uamuzi ulikuja Alhamisi, na haukuletwa na mume wala daktari. Jua lilipozama alisimama mahali pake pa siku zote na kuzitazama sayari zake mbili. Zilikuwa karibu sana. Lakini kwa jicho la kulia kila moja ilikuwa na pacha wake, na mapacha wale walikuwa wameingiliana na wenye nyumba, sayari zenyewe. Alipoliziba jicho hilo, la kushoto, ambalo nalo limeanza ukungu, lilimwonyesha doa moja la mwanga kama tone la mafuta kwenye maji.

"Nikasema, sasa nangoja nini?" anasimulia. "Hata nikibaki hapa kesho, sitaona watu wawili wakipatana. Nitaona msongamano."

Ijumaa saa saba mchana yuko kwenye ukumbi wa kungojea, na benchi limemshinda. Ametembea mpaka dirishani na kurudi mara nyingi hata mzee mmoja anayengoja naye amelalamika kwamba anampa kizunguzungu. Muuguzi anamwomba akae. Anakaa, anaona mablanketi yametupwa kwenye kiti cha jirani, anainuka, anayakunja yote kwa kingo sawasawa.

"Mama," muuguzi anamwambia kwa upole, "ndani kule hakuna blanketi la kukunja. Utafanyaje?"

"Hapo ndipo penye kazi, mwanangu."

Anaitwa. Mumewe anabaki na kanga yake na viatu vyake, ameviweka magotini kama vitu vya kuvunjika.

Alichofanya ndani alikisimulia baadaye. Walipomlaza na kumfunika uso, wakaacha jicho tu, miguu ilianza kuwasha. Daktari alisema, "Mama, tafadhali." Ndipo alipoianza Ile ya Ngazi kichwani, tangu mwanzo, pale fidla zinapobisha hodi. Hakuharakisha. Kila ala aliipa nafasi yake. Filimbi ilipopanda, alipanda nayo. Ngoma zilipoguna kwa chini, alizingoja zimalize.

"Mama, tumemaliza," daktari alimwambia.

"Bado."

"Bado nini?"

"Sijafika juu. Nipo kwenye ngazi ya pili hapa."

Daktari, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, alidhani dawa imempanda kichwani. Alipoelezwa, hakumwondoa mezani. Wagonjwa wengine walikuwa wakingoja, lakini alimwambia muuguzi aandae vifaa vya anayefuata taratibu, na akamwachia mama yule amalizie.

"Ameniuliza, umefika?" Bi Anga anasema. "Daktari mzima! Nikamwambia nimefika, ndipo wakaninyanyua."

Magharibi ilimkuta kwenye baraza ya wodi, jicho la kulia limefunikwa. Mumewe alikuwa kando yake, ameshika ukingo wa baraza kwa mikono miwili, anatazama juu ya mapaa upande jua lilikozama.

"Zipo?"

"Zipo."

"Sema basi! Zimekaaje?"

Mumewe alikohoa. Kazi hii hakuizoea. "Moja kubwa, nyeupe sana. Nyingine ndogo, kama ya manjano. Ndogo iko juu kidogo, kushoto."

"Zimegusana?"

"Hapana. Ziko kama taa za mbele za lori linalokuja kutoka mbali sana usiku, barabara imenyooka. Unajua ni taa mbili, lakini bado hujaamini. Unasubiri lisogee ndipo uhakikishe."

Bi Anga alimgeukia. "Na wewe barabarani ulikuwa unaziona hivyo?"

"Nilikuwa naona taa. Sikujua zinafanana na kitu."

Walibaki pale mpaka sayari zikazama nyuma ya jengo la maabara. Mumewe hakuacha kueleza, na alipoishiwa maneno alirudia yaleyale, naye mkewe hakumkatiza.

Jumamosi asubuhi daktari aliondoa bandeji. Bi Anga alipepesa, akatazama mkono wake mwenyewe, akalitazama kovu la kidole, kisha akamtazama daktari usoni.

"Kumbe una ndevu. Na hili jingine lini?"

"Zamu ijayo, mama. Miezi sita. Kwenye mvuke usirudi mpaka nikuruhusu, na usiiname wala kubeba kizito."

"Sasa nitafanya nini mimi?"

"Utapumzika."

"Nani?"

Msimamizi ameshamtengea meza karibu na dirisha, mbali na mvuke, atakuwa akikagua madoa. Mkunjaji amemtumia salamu kwamba sasa atalipwa madeni yote: kila shuka chafu atakalopitisha yeye, Bi Anga amchomolee.

Jioni hiyo anapanda paani polepole, mumewe nyuma yake ameshika kiti. Zuhura na Mshtarii zimeanza kuachana. Baina yao pangeenea kidole kimoja sasa. Anaziba jicho la kushoto kwa kiganja chake mwenyewe. Ni mbili. Kila moja imekaa peke yake, kali kama ncha ya sindano.

Anaanza kugeuka. Giza linaingia, na nyingine zinajitokeza, juu ya kiwanda cha mtaani, juu ya minara, juu ya kichwa chake, mahali ambapo kwa muda mrefu alidhani pana mawingu mepesi.

"Hivi zote hizi zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa hapahapa," anasema mumewe. "Wewe ndiye ulisafiri."

Akiulizwa anatarajia nini sasa, Bi Anga anajibu bila kushusha uso. Anataka kuzipitia zote upya, kipande kwa kipande, kabla ya zamu ya jicho la pili. Ataanza upande wa kiwandani, atamalizia juu ya kichwa. Miezi sita, anasema, anaona ni michache.

Mumewe anamwekea kiti, anakipangusa vumbi kwa kiganja. Bi Anga anamshukuru, anakishika mgongo, na anakizunguka kwenda kutazama upande wa pili.