Mnunuzi Aliyetaka Kuwahi Kivuko cha Kigongo

Sipendi watu wanaoanza kusimulia kwa kuapa, kwa hiyo mimi siapi. Ukinibishia, nenda Kigongo, pale kivuko kilipokuwa kinapakia magari kabla daraja halijafunguliwa, uwaulize akina mama wanaoanika dagaa karibu na maji. Watakuambia wenyewe habari za jioni ile gari jekundu liliposhuka kuelekea ziwani likiwa na abiria lakini halina dereva. Huyo abiria nilikuwa mimi.

Chanzo cha yote kilikuwa kuuza gari. Lilikuwa gari la michezo la Kijapani, la zamani, viti viwili tu, na taa zake za mbele zilikuwa zinalala ndani ya boneti. Ukibonyeza kitufe zinainuka. Watoto wa mtaani kwetu Buswelu walimwita Chura, na jina likaganda. Nilimnunua nikiwa kapera, kwenye yadi moja Nyakato, amefunikwa turubai na kuku wanatagia ndani. Fundi Masalu wa Buzuruga ndiye aliyemfufua. Sikufichi, nilimpenda Chura. Kuna siku maji yalikatika mtaa mzima, na ndoo moja iliyobaki nikamwoshea yeye.

Kisha mke wangu Kabula akapata mimba, na kipimo kikaonyesha mapacha. Alirudi kutoka kliniki akasimama mbele ya gari, mkono kiunoni.

"Kulwa atakaa wapi? Doto atakaa wapi? Au mimi ndiye nitakayepanda kwenye boneti?"

Akaniambia kwamba Chura aondoke pale uani kabla hajajifungua, ama sivyo yeye ataenda kujifungulia kwa mama yake Magu, na nisihesabu atarudi lini. Kabula hana kawaida ya kutisha bure. Nikaandika bango, nikabandika kwenye kioo.

Sasa wewe umewahi kuuza gari la namna hii kwa mkono wako mwenyewe? Usiombe. Vijana walikuja kwa makundi, wakapiga picha wameegemea mlango, wakasema "tutakucheki, broo," wakapotea. Dalali mmoja alitaka nimwachie funguo aende nalo kwa tajiri wake, tajiri ambaye hata jina halijui. Mwingine alitaka tubadilishane na kiwanja, nami nikaenda kukiona, nikamkuta mwenye kiwanja anapalilia mihogo yake. Mfugaji mmoja, mzee wa heshima kabisa, alilizunguka gari, akainama akatazama tumbo lake lilivyo karibu na ardhi, akaniuliza litavukaje korongo la kwenda kwake. Na wote hao swali la kwanza lilikuwa "bei ya mwisho ngapi?", wakati hata ya kwanza hawajaisikia.

Waliobaki walishindwa na yale macho, yaani zile taa za kuinuka. Waya mmoja uliwahi kuungua, na kifaa chake hakipo Mwanza, Dar hakipo, labda Japani nako wamekisahau. Fundi Masalu aliunga kienyeji, na tangu hapo ukiinua taa injini ikiwa inawaka, injini inazima papo hapo. Kwa hiyo Chura alikuwa gari la mchana tu. Niliwaambia wanunuzi ukweli, maana sipendi kulaaniwa na mtu barabarani. Nao waliposikia tu, kila mmoja akakumbuka ana mgeni nyumbani.

Tumbo la Kabula likazidi kukua. Alikuwa ameshapanga nguo zake kwenye begi, na begi lenyewe kaliweka mlangoni ili nilione kila ninapotoka.

Ndipo akaja yule mtu.

Alikuja alasiri, jua bado kali, kwa miguu. Kijana wa miaka ishirini na kitu hivi, shati la mikono mifupi lenye kola pana, suruali imepigwa pasi mpaka inasimama. Hakuuliza bei. Hakupiga picha. Aliweka kiganja juu ya paa la Chura, akasema, "Bado lipo." Mimi nikadhani anamaanisha bado halijauzwa. Nikamwambia bado lipo, ndugu yangu, karibu sana.

Akaomba kulijaribu. Kawaida yangu ilikuwa moja: mnunuzi anaendesha, mimi nakaa kando, na kadi ya gari inabaki nyumbani. Nilimweleza habari za taa, nikamwambia lazima tuwe tumerudi kabla ya giza. Akatabasamu tu. Akaingia, akarudisha kiti nyuma bila kutafuta kishikio. Kioo cha upande wangu kilikuwa na ugonjwa wake, hakipandi mpaka ukisukume kwa kiganja huku unazungusha. Yeye alinyoosha mkono akakisukuma kabla sijamwambia. Nikajisemea, afadhali leo nimepata mtu anayeyajua magari haya. Ona nilivyokuwa mjinga kwa furaha.

Nilimwomba tupitie Buzuruga kwa fundi wangu, ili amthibitishie kwamba injini ni nzima. Hapo ndipo ningepaswa kushuka nikimbie, na ningekuwa nimejiokoa.

Fundi Masalu ni mtu mzima, mvi zimemjaa kichwani, ana wajukuu. Alikuja anafuta mikono kwa kitambaa, akainama dirishani kwa dereva. Akamtazama yule kijana. Nikaona kitambaa kinamdondoka.

"Shikamoo, bosi," akasema.

Ulinisikia? Mzee kamwamkia kijana anayeweza kuwa mwanawe! Nami nikangoja kijana aone haya, acheke, ageuze salamu irudi kunakostahili. Hakuona haya hata kidogo.

"Marahaba, Masalu. Tairi la akiba umelitia upepo?"

Na fundi akaenda kulitia upepo. Alipomaliza akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatukodolea macho tulivyokuwa tunaondoka. Mimi nikacheka. Nikasema moyoni fundi naye macho yameanza kumchezea. Tulikuwa tumefika mbali ndipo nikajiuliza jina la fundi kalijuaje, maana sikuwa nimelitaja.

Niliwaza kumwambia ageuze. Lakini nikaliona akilini lile begi la Kabula mlangoni, nikaacha. Huyu alikuwa mnunuzi wa kwanza aliyeshika usukani kama mtu aliyekwisha amua. Tukapita Buhongwa. Nikasema hapa panatosha, akasema anataka kulisikia kwenye barabara ndefu. Tukafika Usagara, akakata kulia kushika njia ya Kigongo. Alikuwa anaendesha vizuri, niamini, Chura hajawahi kukimbia hivyo akiwa nami.

"Unakwenda wapi, ndugu yangu?" nikamuuliza.

"Mke wangu kajifungua. Yuko kwao Sengerema. Wameniletea habari ni mtoto wa kike."

Moyo wangu ukalainika. Mimi mwenyewe nilikuwa nasubiri wangu. Nikampa hongera, nikamwambia habari za mapacha, akafurahi kwelikweli, akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini si kioo cha upande wake kilikuwa wazi? Mtu ukitaka kuuza gari, unapata sababu ya kila kitu.

"Tukazane tu," akasema. "Tukikosa kivuko hiki, kingine mpaka kesho."

"Kivuko gani tena? Siku hizi ni daraja."

Jua lilikuwa limezama, na mbele yetu daraja likaonekana, nguzo zake na taa zake zimenyooka juu ya maji mpaka ng'ambo. Akalitazama kama mtoto anayeona ndege kwa mara ya kwanza. Akaniuliza taratibu, "Kile ni nini?"

Hapo nywele zikanisimama. Hakuna mtu wa Mwanza asiyelijua lile daraja. Hata vipofu wetu wanalijua.

Magari yote yalikuwa yanapanda darajani. Sisi tukaiacha lami, tukaingia njia ya zamani ya kivukoni, ile wenyeji tu ndio bado wanaikumbuka. Nikapiga kelele asimame. Yeye alikuwa ananyoosha shingo, anatafuta mwisho wa foleni. Foleni haikuwapo. Kulikuwa na mteremko wa zege, na mwisho wa mteremko kulikuwa na Ziwa Viktoria.

"Kinaondoka!" akasema. "Kinaondoka!" Akakanyaga mafuta.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilimwita Mungu, nikamwita Kabula, nikamwita mama. Niliona wazi kabisa watoto wawili wanakua wanaambiwa baba yenu aliingia ziwani na gari la viti viwili. Na mkono wangu, si akili yangu, ukaruka ukabonyeza kitufe cha taa. Macho ya Chura yakainuka. Injini ikazima papo hapo.

Ugonjwa ule wa taa ulikuja baada ya siku zake; nilimweleza, lakini alitabasamu tu, hakuuzoea. Alipokuwa anahangaika na ufunguo nikaivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Gari likaburuzika, likasimama. Matairi ya mbele yalikuwa yameshaingia majini.

Nikageuka kumtazama. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa, na mkanda wa usalama ulikuwa umefungwa vilevile, umekatiza pale ambapo palitakiwa pawe na kifua cha mtu.

Nilibaki nimekaa, sijui kwa muda gani, mpaka mama mmoja aliyekuwa anaanua dagaa akaja kunigongea kioo.

"Mwanangu, kivuko hakiji tena huku," akasema. "Halafu mbona umekaa upande wa abiria? Nani alikuwa anaendesha?"

Nikashuka nikakaa kwenye zege, nikalia machozi ya kweli, nikiyashika mapaja yangu kuhakikisha yapo. Ilikuwa raha. Sijawahi kusikia raha ya namna ile, wala sioni aibu kuitaja. Wavuvi wakamsukuma Chura mpaka juu, na mimi nikarudi Mwanza kwa basi.

Nyumbani nilimkuta Kabula na Fundi Masalu wamekaa barazani wananingoja. Fundi alikuwa amenipigia simu mpaka akachoka, na simu yenyewe ilikuwa kwenye chaji chumbani. Kabula alinikumbatia kwanza, kisha akanipiga ngumi ya kifua.

Fundi ndipo akasema alichokuwa amekificha. Yule alikuwa Lazaro, mmiliki wa kwanza wa Chura, na Masalu alikuwa kijana anayejifunza kazi kwenye gereji ambako Lazaro alikuwa analileta gari. Kila akija, vijana wote walimwamkia. Mkewe alipojifungua Sengerema, Lazaro aliondoka mbio, akakikuta kivuko kimekwisha ng'oa nanga. Akaliacha gari kwenye foleni, akapanda mtumbwi. Upepo ukaupindua. Gari lilikaa pale kivukoni mpaka lilipoburuzwa kurudishwa mjini.

"Leo shikamoo ilitoka yenyewe," fundi akasema. "Nikataka kukuambia ushuke, ulimi ukagoma."

"Na siku nanunua, ulimi uligomea nini?"

"Ningekuambia, ungenunua?" Akainamisha kichwa. "Nami nilikuwa naitaka kazi."

Nikasema Chura akauzwe chuma chakavu. Kabula akakataa. Alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Mtu alikuwa anakwenda kumwona mtoto wake," akasema. "Mpeleke."

Basi Jumapili, mchana kweupe, nikamfuata Chura Kigongo. Fundi alikuja nyuma yangu kwa bodaboda. Niliufunga mkanda wa kiti cha abiria na pembeni yangu hapakuwa na mtu. Nikapanda darajani. Nikaongea kwa sauti, kama mwendawazimu: "Hili ndilo daraja, kaka. Tunavuka." Katikati ya ziwa, kile kioo kibovu cha upande wa abiria kikashuka chenyewe mpaka chini, upepo wa maji ukaingia. Tulipokanyaga Busisi, ng'ambo ya daraja, mkanda ukafunguka. Hakuna aliyeugusa.

Fundi alikuwa anaijua familia. Tulimkuta Minza, binti wa Lazaro, mama mwenye duka la vitenge Sengerema. Sikuwa nimemaliza kujieleza, alikuwa ameshatoka nje, ameweka kiganja juu ya paa, palepale yule alipoweka. Akasema mama yake alikuwa akimwimbia utotoni kwamba baba anakuja na gari lenye macho. Akaingia, akawasha, na kabla sijamzuia akabonyeza kitufe. Taa zikainuka. Injini ikaendelea kunguruma. Fundi Masalu mpaka leo anasema waya ule hakuugusa, nami namwamini, maana asingekosa kunidai hela ya ufundi.

Minza ndiye aliyemnunua. Tulielewana bila kelele, tukabadilisha kadi, na begi la Kabula likarudi kabatini. Kulwa na Doto sasa wanatambaa. Nina gari la viti saba, baya kama kabati, na nalipenda. Ila jua likishazama sikai kiti cha abiria, hata dereva awe askofu.

Nawe unayetafuta gari kuukuu, usiulize kilomita peke yake. Uliza mwenye gari alikuwa anakwenda wapi siku alipoliacha. Na ukiambiwa hakufika, mfikishe kwanza, ndipo ubadilishe kadi.