Nyumba Isiyokuwa Kwenye Ramani

Huko Mukurweini hakuna aliyeujua udongo wa mteremko ule kama Gathoni wa Nderitu, maana alikuwa ameuchimba mara mbili: mara ya kwanza kwa kulazimishwa, ya pili kwa furaha. Wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akipambana na wapigania uhuru, chifu aliwatoa wanawake alfajiri wakachimbe matuta ya kuzuia maji, na asiyefika alilala seli. Uhuru ulipokuja, wanawake wale wale walipanda huko juu wakiimba, wakayafukia matuta ya mkoloni mpaka kilima kikawa laini kama kichwa kilichonyolewa. Hakuna aliyeuliza maji yatapita wapi. Siku hiyo swali kama hilo lingeonekana la kisaliti.

Maji yalipita kwa Gathoni. Ardhi ilipopimwa upya, kabla ya Uhuru, mumewe alikuwa kizuizini, na asiyekuwapo hakupimiwa. Alirudi na kikohozi kilichommaliza, akamwachia mjane mtoto mmoja, Theuri, na nyumba ya udongo katika kipande kilichobanwa kati ya barabara na shamba la Mzee Kihara. Kipande hicho hakikuwa na mwenyewe kwa sababu hakuna mwenye akili aliyekitaka. Wenye mashamba walijenga mgongoni mwa kilima, penye mwamba. Wasio nayo walijenga palipobaki, na kwa miaka kumi na mitatu majirani walimwambia Gathoni kwamba ana bahati, yuko karibu na barabara.

Jumapili moja ya Aprili, mwaka wa sabini na nane, watu wakiwa kanisani, kilima kilishuka. Kihara alipoteza mistari miwili ya kahawa. Gathoni alipoteza nyumba, mbuzi wawili na gunia la maharagwe. Alibaki na Biblia na nguo za kanisani, ambazo kwa bahati alikuwa amezivaa. Jumapili iliyofuata mhubiri alieleza kwamba msiba hauchagui tajiri wala maskini. Gathoni alitazama viatu vya Kihara. Vilikuwa vikavu.

Serikali iliahidi mabati, ishirini kwa kila nyumba iliyoanguka, ikamtuma karani kijana kutoka Meru, jina lake Marete. Mmeru na Mkikuyu wangesikilizana nusu, lakini fomu ilikuwa ya serikali, kwa hiyo akaongea Kiswahili.

“Shamba nambari gani, mama?”

“Sina nambari. Nilikuwa niko na nyumba.”

Marete alifunua ramani juu ya boneti ya Land Rover, akaisaka kwa kidole. “Hapa kwa ramani hakuna nyumba.”

“Hata huku hakuna,” alisema Gathoni. “Ndiyo sababu nimekuja.”

Watu kwenye foleni walicheka. Marete hakucheka, ila alionekana kuumia, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwa upole kwamba fomu ni ya wenye mashamba, na kwamba asiye na shamba, kwa mujibu wa fomu, hawezi kupata hasara. Gathoni aliuliza kama kuna fomu nyingine. Haikuwapo.

Ndipo Kihara, aliyekuwa amesimama kando na mwavuli wake, akaingilia kati. Alisema Mama Theuri ni mtu wake, amemchumia kahawa miaka mingi, basi aandikwe chini ya nambari yake. Mpaka uko pale pale, ramani haitakataa. Marete alishukuru kuliko Gathoni.

Gathoni alisita, kidole gumba kikiwa tayari kimepakwa wino. Akiweka kidole, atakuwa amekubali kwamba nyumba ilikuwa kwa Kihara. Asipoweka, ataendelea kulala kwenye ghala la kanisa na mvua ya Mei bado haijafika. Aliwaza kwenda Nanyuki kwa Theuri, akakumbuka kwamba Theuri analala na wanaume watatu katika chumba kimoja, kwa zamu.

Aliweka kidole.

Mabati yalikuja Julai, kwa jina la Kihara. Alimpa Gathoni kumi na mawili, akaeleza kwamba manane ni ya usumbufu. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, akamkumbusha kwamba sasa anajenga katika shamba la mtu, kwa hiyo itafaa amlimie siku mbili kwa wiki. Hakuna kodi, alisema. Yeye si mtu wa kutoza mjane kodi.

Barua ya serikali nayo ilikuja. Chifu aliisoma barazani: wakazi wote wa miteremko wahamie mahali salama, mara moja. Gathoni aliuliza ni wapi. Chifu aliigeuza barua, akatazama nyuma yake. Palikuwa peupe.

Oktoba, mvua fupi zikianza, Marete alipita tena na Land Rover. Aliona bati jipya likimetameta pale pale, akasimamisha gari, akapanda hadi kwenye kahawa ambako Gathoni alikuwa akipalilia.

“Mama, si tulisema muhame?”

“Mlisema.”

“Na mbona umejenga hapo tena?”

Gathoni alijinyoosha, akashika kiuno. Alitazama kilima juu, barabara chini, na mashamba ya watu pande zote mbili, kila moja na ua wake.

“Nionyeshe na mkono,” alisema. “Wapi?”

Marete aliinua mkono. Ulielekea kulia, ukasita, ukaelekea kushoto, kisha akautumia kufuta shingo. Akasema mvua inakaribia, afadhali arudi ofisini kabla barabara haijateleza.

“Ee, enda,” Gathoni alimwambia. “Wewe uko na pa kwenda.”

Akainama, maana siku ilikuwa ya Kihara na mistari mitano ilikuwa bado.