Kibao cha Paskazia

Paskazia alikuwa hodari wa kukaanga samaki aina ya sato kuliko mama yeyote pale Kirumba, na mdomo alikuwa nao. Lakini asubuhi ile ya mwaka 1960, mbele ya dirisha la karani wa ofisi ya mji, alisimama kama bubu.

Tangazo lilikuwa wazi: hoteli yoyote yenye kibao kisicho na kibali ingefungwa kesho yake. Dirisha lingefungwa saa sita, na ilibaki robo saa. Hotelini kwake ndiko nyumba nzima ilikopata riziki tangu mumewe, Ndalahwa, aende machimbo ya Geita. Ni Ndalahwa huyohuyo aliyemwambia fundi aandike jina la baba yake mzazi juu ya mlango, halafu akaondoka zake. Wateja wenyewe walipaita kwa Paskazia tu. Mwanamume akishajifurahisha, taabu humwachia mkewe.

Karani Seif, kijana wa mjini, aliziba fomu kwa kiganja. "Mama, taja mwenyewe kibao chako kinasemaje. Wengi wanakuja hapa kuwaombea watu wengine vibali."

"Kimeandikwa hapo, mwanangu."

"Nimeona. Nataka nisikie kwako."

"Ni hoteli ya... ya baba."

"Baba yupi? Hana jina?"

Seif hakujua, naye angejuaje, kwamba mke wa Kisukuma hatamki jina la baba mkwe wake. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa Paskazia hakuwahi kulitamka, hata akiwa peke yake. Mama mmoja nyuma yake, aliyeelewa, alinong'ona, "Usithubutu, dada."

"Nani kakutuma?" Seif alikuja juu. "Kama hujui kibao kinasemaje, basi si chako. Nafuta."

Kalamu ikagusa karatasi.

"Malimi!" Paskazia alipiga kelele. "Hoteli ya Mzee Malimi!"

Foleni yote ikageuka kumtazama. Seif akapiga muhuri.

Alirudi nyumbani na kibali mkononi. Afadhali aseme mwenyewe kuliko baba mkwe aletewe habari na majirani. Alimkuta mkwewe uani anasokota kamba, akapiga magoti mbali kidogo, akaeleza yote. Wapo wanawake waliorudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo.

Mzee aliacha kusokota. "Ulilitaja kwa sauti?"

"Kwa sauti, baba. Nisamehe."

"Watu walisikia?"

"Wote walisikia."

Mzee aliiweka kamba chini.

"Kaka zangu wamekufa," akasema, "na wa rika langu wamekwisha. Siku hizi mimi ni baba, ni babu, ni mzee. Huu mwaka wa sita sijasikia mtu akinitaja kwa jina." Akasogeza kigoda chake karibu naye. "Kuku wa faini utanilipa, hiyo ni mila. Lakini hebu litaje tena, mwanangu, nisikie."