Mtaro wa Fanya Juu

Kuingia katika hoteli ya yule mama ilikuwa lazima ushuke. Haikujengwa hivyo. Zamani, marehemu mumewe alipoijenga, kizingiti kilikuwa sawa na barabara, na mwenye mkokoteni aliweza kusimama nje akapokea chai yake dirishani bila kuinama. Lakini barabara ile, inayokata ubavu wa kilima upande wa juu wa mji wa Machakos, ilimwagiwa morami, ule udongo mwekundu wa changarawe, kila ilipoharibika, na hakuna aliyekumbuka kukwangua ile ya zamani kwanza. Morami juu ya morami, barabara ikapanda na mlango ukabaki pale pale. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipoajiriwa kwa mkataba mfupi katika afisi ya ujenzi ya manispaa, ulikuwa ukishuka ngazi mbili ndipo upate mahamri yake.

Maji nayo yalikuwa yakishuka ngazi hizo hizo.

Nilikuwa na shahada mpya ya uhandisi na hofu ya kila jambo. Nilikuwa binti ambaye, akimwamkia mkubwa wake kazini, hukaa mpaka chakula cha mchana akijiuliza kama sauti ilitoka vibaya. Kwa hiyo mkubwa wangu aliponiambia mtaro wa barabara ile ni kazi yangu, nilisema asante, kisha nikaenda chooni nikasimama kidogo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Mvua ikinyesha, maji yalitoka kilimani, yakavuka barabara na kutumbukia katika maduka ya upande wa chini. Tulihitaji mtaro upande wa juu uyadake kabla hayajavuka, uyapeleke polepole hadi kwenye kalavati inayopita chini ya barabara pale kwenye kona. Saruji haikuwepo. Ungekuwa mtaro wa udongo, na wachimbaji wangekuwa akina mama wa mwethya kutoka nyumba za mlimani, yaani kikundi cha kusaidiana ambacho leo hulima kwa huyu, kesho huchimba kwa yule. Wao pia walikuwa wamechoka kupita kwenye matope wakienda sokoni.

Asubuhi moja, nikipiga vigingi kando ya barabara, mama wa hoteli alipanda ngazi zake akaja kusimama karibu nami. Watu wake walikuwa Waislamu wa pale mjini tangu enzi za babu zao, na Kiswahili chake kilinifanya nikikague changu kabla ya kufungua mdomo.

"Mwanangu, mtaro huo utakuwa tayari kabla ya mvua?"

"Tunatarajia, mama."

"Usinitarajie. Niambie."

Kisha akanieleza. Kiwanja kilikuwa cha mumewe na mdogo wa mumewe, na wote wawili walikuwa wamefariki. Mtoto wa yule mdogo, aliyekuwa akiishi Mombasa, alitaka kiuzwe. Msimu uliopita maji yaliingia hadi jikoni, yakazima jiko na kuelesha sinia la unga, naye akaja, akatazama, akasema, mama mkubwa, hii si nyumba, hiki ni kisima.

"Nikampa neno langu. Maji yakiingia tena msimu huu, nafunga, nakwenda kukaa kwa dada yangu huko Mombasa."

"Na yasipoingia?"

"Yasipoingia, hana la kusema." Aliutazama mji chini yetu, mabati yake yakimeta juani. "Mimi nimezaliwa hapa, mwanangu. Mombasa naijua kwa harusi na matanga tu."

Angalikuwa ameniambia jambo hilo baada ya mvua ningalimshukuru. Tangu siku ile kila kigingi nilichokipiga nilikirudia. Nilipima mteremko kwa kamba na pimamaji kwenda, nikapima kurudi, na majibu yalipofanana nilishuku kamba.

Siku ya kuchimba, mkubwa wangu aliniambia nisubiri lori la mabomba ya kalavati. Nilipanda mbio kwanza kwa akina mama nikawaonyesha vigingi, nikasema kina kiwe cha goti, nikarudia, nikaanza kurudia tena. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye leso kiunoni na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alinikatiza, akiniita binti kwa Kikamba.

"Mwiitu, mitaro tumechimba kabla mama yako hajakuona. Enda ungoje lori yako."

Wote wakacheka, nami nikacheka, nikaenda. Lori lilifika alasiri.

Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa nzuri kiasi cha kumtoa mtu machozi. Mtaro ulinyooka kama uzi. Kuta zake zilikuwa zimesawazishwa kwa majembe, sakafu yake iko tambarare kama meza, na kila baada ya hatua kadhaa wameacha kizuizi cha udongo ndani yake. Udongo wote ulikuwa umerushwa upande wa juu, wa kilimani, ukapigwapigwa hadi ukawa tuta refu lililoshikana. Juu ya tuta hilo mama mmoja alikuwa bado ameinama, akipanda vipandikizi vya nyasi za mabingobingo.

Walikuwa wamechimba fanya juu.

Kwa aliyelelewa Ukambani sihitaji kueleza, lakini wapo wengine. Huku kwetu mtaro huchimbwa ili maji yasiende. Unachimba kukata mteremko, unarusha udongo juu, tuta linazuia maji na rutuba, nyasi zinashika tuta, na baada ya miaka kadhaa mlima umekuwa ngazi za mashamba. Mimi mwenyewe nimekulia juu ya ngazi hizo, kule Muthetheni. Mama yangu alikuwa akiyatazama maji yanayotoka shambani mwake kama mtu anayemtazama mgeni akiondoka na mbuzi wake. Mtaro ule ungekuwa shambani kwake, angechinja kuku.

Kando ya barabara ulikuwa balaa. Maji ya kilimani yangegonga tuta kabla ya kuufikia mtaro. Yangesimama nyuma yake, yajae, kisha yatafute mahali palipo laini na kupasua, na yakishapasua yangeruka mtaro na barabara kwa pamoja. Hata yale machache ambayo yangeingia ndani yangelala kati ya vizuizi kama maziwa kwenye vibuyu.

Nilisimama nikitunga sentensi. Nikisema umekosewa, nawatukana watu waliochimba siku nzima bila malipo. Nikinyamaza, mama wa hoteli anahamia Mombasa. Labda tungetoboa matundu kwenye tuta. Labda mvua ingekuwa ndogo. Nikatazama milima ya Iveti, na wingu lililokuwa limekaa juu yake halikuonekana dogo.

"Sema kitu, mwiitu," mwenyekiti akasema. "Ama umeshangaa?"

"Ni mzuri sana, mama."

"Lakini."

"Sijasema lakini."

"Uso imesema."

Basi nikaeleza, kwa kirefu kupita kiasi, nikichanganya maneno ya chuo na ya nyumbani, hadi mama wa mabingobingo akanyoosha mgongo akauliza, "Ati tufukuze maji? Sisi? Hiyo ndiyo ulisomea?"

"Miaka mingi hivyo," akaongeza mwingine, "kusomea kufukuza maji Ukambani."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mama wa hoteli, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na mtungi wa plastiki uliojaa maji ya kuoshea vyombo, akavuka barabara na kuutua miguuni pangu.

"Mwaga tuone," akasema.

Nilipanda upande wa kilimani wa tuta, nikamwaga. Maji yakateremka na vumbi lake, yakagonga tuta, yakasimama. Yalisimama vizuri kabisa. Akina mama wakapiga makofi.

"Umeona? Hata tone haijapita!"

Nilihisi masikio yakiwaka. Jaribio langu lilikuwa limethibitisha upande wao. Nikauliza swali lililobaki, kwa sauti ndogo, kwa sababu sikuwa na jingine.

"Na ikijaa? Tuta likivunjika shambani, nani analia?"

"Jirani wa chini," mwenyekiti akajibu bila kufikiri, kama mtu anayejibu katekisimu. Kila mtu mlimani anajua hilo. Ndugu wamenuniana miaka kwa sababu ya tuta la juu kuvunjikia shamba la chini.

Kisha akageuka. Wote wakageuka. Jirani wa chini alikuwa amesimama kati yetu na mtungi mtupu, nyuma yake mlango wake uliozama.

"Aiya," akasema mwenyekiti taratibu. Halafu akanigeukia kwa ukali, lakini ukali wa mtu aliyekwisha kukubali. "Sawa. Tuseme tumegeuza. Hiyo maji itaenda wapi?"

"Kwenye kalavati. Kisha mtoni."

"Mtoni! Maji ya Mungu tupatie mamba wa Athi?"

Hapo ndipo walipogoma kweli. Kuhamisha udongo hawakukataa, jembe halikuwaogopesha. Kilichowashinda ni kuyaacha maji yaende bure. Mama wa mabingobingo, ambaye watoto wake walisoma shule ya msingi iliyo chini ya kona, akasema shamba la shule limekauka hadi walimu wamelifanya uwanja wa mpira. Mbona maji yasiende huko?

Nilikuwa na sababu nyingi za kukataa, na zote zilinijia kwa pamoja. Madarasa yangefurika. Mwalimu mkuu angekataa. Mkubwa wangu angeuliza nani aliniruhusu kubadilisha mchoro. Lakini sikuweza kuamua kabla ya kupima, na kupima ndilo jambo pekee lililonituliza siku zile. Tukashuka na kamba, mimi na mwenyekiti, tukashikilia kila mtu ncha yake. Madarasa yalikuwa juu, shamba lilikuwa chini yao, na kutoka mdomo wa kalavati hadi shambani kulikuwa na mteremko wa kutosha na usiozidi. Mwalimu mkuu alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mkubwa wangu alitazama mchoro mpya kwa muda, akauliza kama unahitaji hela zaidi, nikasema hapana, akasema basi mbona bado umesimama hapo.

Kesho yake walirudi. Waliubomoa udongo wa juu wakauhamishia upande wa barabara, wakakata vizuizi, nami nikashika kamba wakachimba sakafu iwe na mwinamo. Hawakuimba kama siku ya kwanza. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kushika maji haimbi akiyaachilia. Mabingobingo yaling'olewa na kupelekwa shuleni, na huko, kwenye shamba lile, walichimba fanya juu zao kama walivyotaka, na hapo ndipo sauti ziliporudi.

Mvua ilikuja alasiri moja, baada ya upepo uliofunga madirisha ya afisi kwa nguvu. Nilitoka mbio bila kuaga, na nilipofika hotelini nilikuwa nimelowa hadi ndani. Mama alikuwa mlangoni na ufagio. Hakuniambia karibu. Alisogea tu, nikasimama kando yake.

Kilima kilianza kuteremka. Maji mekundu yalishuka vichochoroni, yakaingia mtaroni, na kwa muda hayakuonekana kwenda popote. Nilijikuta nikiyasukuma kwa macho. Kisha vijiti na majani makavu vilivyokuwa juu yake vikaanza kutembea, polepole, kisha kwa haraka, kuelekea kwenye kona.

Mtaro ulijaa karibu na ukingo. Haukupita. Lakini mvua iliyoanguka juu ya barabara yenyewe haikuwa na mtaro wa kuidaka, nami jambo hilo nilikuwa nimelijua na kulihofia tangu mwanzo. Utando mwembamba wa maji ulikuja hadi ngazi ya kwanza, ukashuka, ukafika ya pili, ukalamba kizingiti. Mama aliusukuma nyuma kwa ufagio. Ukarudi. Akausukuma tena, na tena, hadi mvua ikachoka kabla yake.

"Mama," nikasema, "hayo ni kama yameingia?"

"Hayo? Hayo yamebisha hodi tu."

Mtoto wa shemeji yake alikuja kutoka Mombasa msimu ulipokuwa unaisha, wakati akina mama wa mwethya walipokuwa wamekaa ndani kwenye benchi wakinywa chai baada ya kupalilia shamba la shule, nami nikiwa nao. Hakuja peke yake. Alikuwa na mwanamume wa makamo aliyepita akigonga kuta kwa kidole na kutazama sakafu kavu.

"Mama mkubwa, Mungu amejalia," yule kijana akasema. "Sasa ndio wakati wenyewe. Nyumba kavu, mtaro mbele. Bei imepanda maradufu."

Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimefikiria mabomba kuziba, kuta kubomoka, madarasa kufurika, hata mtoto kutumbukia mtaroni. Kwamba nyumba kavu hununulika kwa urahisi zaidi kuliko nyumba yenye maji halikuwahi kunipitia akilini.

Mama hakunyanyua sauti. Aliwageukia akina mama wa benchini.

"Nyinyi ni jirani zangu wa juu. Huyu mwanangu tulipatana nini? Nimewaambia mara ngapi?"

"Maji ikiingia, unafunga," mwenyekiti akasema.

"Na yameingia?"

"Itaingia namna gani? Maji tumepeleka shule."

Benchi zima likacheka, na hata mgeni wa makamo akatabasamu bila kujua anachochekea. Kijana alitazama sakafu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake, na kiwanja cha babake kilikuwa mbali naye na hakikumletea kitu.

"Lakini mama mkubwa, neno ni neno tu."

"Ndiyo," akasema. "Nawe ulilipokea. Keti unywe chai, na mgeni wako."

Kijana akabaki amesimama. Mgeni ndiye aliyeketi kwanza. Mwenyekiti alisogea kumpisha, akamuuliza anatoka wapi na kama huko kwao kumenyesha. Baada ya muda kijana naye akaketi mwisho wa benchi, akavua kofia, na mama mkubwa wake akamwekea kikombe mbele bila kumwuliza kama anataka sukari, kwa sababu alijua.

Mimi nilikuwa tayari nimeinuka. Mama wa hoteli alikuwa amebaki, lakini udongo wa barabara ulikuwa bado uko juu kuliko mlango wake, na kabla sijafika kwenye kona nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumwambia mkubwa wangu kwamba mara ijayo, kabla ya kumwaga morami mpya, tukwangue ya zamani kwanza.