Mlinzi wa Viatu

Nilimpelekea binti yangu dawa shuleni, Ngombezi, nikakuta kipindi cha michezo. Wenzake wanacheza rede pekupeku. Yeye, kwa sababu mguu wake mmoja umepooza, amekalishwa juani alinde viatu vyao. Kinyaa kilinishika, nikamwendea mwalimu wao.

"Shikamoo mwalimu. Huyu ni mwanafunzi au mlinzi?"

"Marahaba. Mama, tunamhurumia. Akianguka si utatulaumu?"

Huruma gani hiyo ya kunusishwa soksi za watu? Kule kwetu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, anacheza rede kila jioni. Anakalia ndoo iliyopinduliwa, anarusha mpira, na wanaokwepa katikati wanamwogopa kweli.

Nikachukua ndoo ya kumwagilia maua, nikaipindua pembeni mwa uwanja, nikamkalisha. "Rusha, mwanangu."

Mpira wake wa kwanza ulimpata kiranja mgongoni, paa! Wasichana wakalipuka: "Umekufa! Toka!"

Mwalimu akapuliza filimbi. "Mama, unaniharibia kipindi. Na hivi viatu vikiibwa?"

Yaani bado anawaza viatu. Nilitema mate chini.

"Viatu kavilinde mwenyewe," nikamwambia. "Mwanangu yuko kipindini."