Moto wa Kumpokea Mama

Kazi yangu kwenye uwanja wa ndege wa Njombe ilikuwa kufukuza ng'ombe, kupima mizigo na kuwasha moshi. Kampuni ile ndogo ilileta ndege mara moja kwa juma, kutoka Dar es Salaam na Iringa, ikielekea Songea. Nilipoisikia, niliwasha rundo moja la majani mabichi ili rubani aone upepo unakoelekea. Shule niliiacha mapema. Kazi hii nilijifunza kwa kutazama, na kila juma niliogopa kuikosea.

Juma lile mama alikuwa anarudishwa. Madaktari wa Dar es Salaam walisema hawana la kufanya tena, naye aliomba jambo moja tu, afie nyumbani kwake, Mjimwema, hapa hapa Njombe.

Asubuhi ile ukungu ulilalia nyasi. Majirani waliokuja kumpokea walinikuta nimechutama na kiberiti.

"Moto mmoja huo nani atauona?" shangazi akasema. "Unampokea mama yako kama mtu anayechoma muhindi."

"Ni wa kuonyesha upepo, shangazi."

"Upepo wa nini? Aone watu wake walipo."

Kwetu haendi mtu mikono mitupu kumpokea mgonjwa, na siku ile kila nyumba ilileta kuni. Wakawasha moto kuuzunguka uwanja mzima. Kuni zilikuwa mbichi. Ukungu, ambao ulikuwa umeanza kuinuka, ukashikana na moshi mpaka tukawa hatuonani. Nilikimbia huku na huku nikiwaomba wazime, lakini ninapoogopa sauti yangu haitoki.

Ndege ikaja. Tuliisikia ikizunguka juu yetu, juu ya nyumba ya mama, ikashuka kidogo, ikapanda tena. Kisha mlio ukaelekea Makambako, kwenye uwanja mwingine wa karibu.

Nilidandia lori la viazi. Makambako nilimkuta mama kwenye kibanda cha abiria, amelazwa juu ya blanketi. Pembeni yake kulikuwa na chai ambayo hakuigusa.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Nyumbani kunaungua nini?"

"Hakuungui kitu. Walikuwa wanakupokea."

"Wote?"

"Wote. Hata shangazi."

"Basi hizo kuni mbichi ni zake. Wifi yangu hajapata kujua kuni kavu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Tulimpakia kwenye lori lililokuwa likirudi Njombe. Njia nzima nilimshika mkono, na tulipokaribia mji ukalegea. Dereva akauliza kama asimame. Nikamwambia aendelee.

Nyumbani, shangazi alimfunika vizuri, nguo zake zikinuka moshi. "Amekata roho wapi?" akauliza.

"Pale darajani, kabla ya kupanda mlima wa mjini."

"Ni karibu," akasema. "Tuseme amefika."

Watu wote wakaitikia kwamba amefika. Mimi mpaka leo sijaweza kusema hivyo.